Mrithi wa Laini

Ukoo wetu haujawahi kuamini kwamba nina kazi. Nikienda Igowole kusalimia, baba mkubwa huniuliza kama bado naendelea na "yale mambo ya kompyuta," kwa sauti ile ile anayoulizia kikohozi kisichopona. Nimekwisha kumweleza kwamba nafundisha chuo Mbeya, na kwamba utafiti wangu unahusu usalama wa tovuti na faragha za watu mtandaoni. Husikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu, kisha hunipa simu yake nimwangalizie kwa nini inakula chaji.

Nilichokuwa nakichunguza miaka hiyo kilikuwa kitu kimoja tu. Ukisahau nywila yako, tovuti nyingi hazina namna ya kukutambua isipokuwa kwa namba ya simu. Zinakutumia tarakimu chache kwenye laini, unaziandika, mlango unafunguka. Nilitaka kujua tovuti inamtambua nani hapo, mtu au laini. Huku kwetu laini ina maisha yake. Mume anaiacha nyumbani kwa mke anapokwenda mbali, kaka anamsajilia mdogo wake kwa kitambulisho chake, na laini isipotumika kwa muda kampuni inaichukua na kuiuza upya kwa mtu asiyejua lolote. Msimamizi wangu aliona swali ni dogo mno kwa shahada ya uzamivu. Nilimwambia tundu la panya nalo ni dogo, lakini muulize mwenye ghala.

Nilikwenda Madibira kuhoji wakulima wa skimu ya mpunga. Nilimpata mmoja, mtu mzima, miguu imepauka kwa maji ya majaruba, aliyekuwa amenunua laini mpya dukani. Laini haikuwa mpya. Kila Jumapili bibi mmoja asiyemjua alimpigia na kumwita mwanangu. Mara ya kwanza alimwambia amekosea namba, bibi akalia. Tangu siku hiyo anapokea, anamwambia yeye ni mzima, mvua ipo, mpunga unaendelea vizuri.

"Lakini wewe si mwanawe," nilimwambia.

"Si mwanawe, kweli. Sasa Mwalimu, nimwambie nini? Mtu anapiga anataka tu kusikia mtu. Na simu nimeshika mimi."

Niliondoka pale nimefurahi. Nilikuwa nimepata mfano wa sura ya tatu. Nilipousimulia kwenye semina wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Ulionekana ni mkasa wa watu wengine.

Dada yangu alikuwa na kibanda cha nguo za watoto Mwanjelwa. Mimi ndimi niliyemfuata kwa kuzaliwa, na hakuacha kunikumbusha. Aliishi na binti yake wa pekee, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza. Baba wa mtoto alikwenda machimboni Chunya akaoa hukohuko, na habari zake ziliishia hapo. Dada aliweka picha za nguo kwenye mtandao wa kijamii ambao nusu ya Mufindi nao wamo, na picha zake mwenyewe akiwa kwaya, na picha za mtoto siku ya kipaimara. Nikipita kibandani nilimhubiria habari za nywila. Alikuwa akitumia moja kwa kila kitu.

"Wewe umesomea kufunga milango," aliniambia. "Mimi nauza kwa watu walioacha milango wazi. Tuachiane."

Siku moja, katikati ya mzaha huohuo, alikunja gauni la mtoto akaliweka chini, akasema, "Ila nikifa, ufute kila kitu. Usisome. Hata wewe usisome."

"Kwani una nini humo?"

"Nina yangu."

Nilicheka. Alikuwa mwenye afya kuliko mimi, au nilidhani hivyo. Presha haina adabu ya kupiga hodi. Jumamosi moja mchana kichwa kilimuuma, akamtuma binti yake duka la dawa. Mtoto aliporudi alimkuta sakafuni. Majirani walimkimbiza hospitali, wakanipigia, nami nilifika nikaoneshwa mwili wake.

Daktari aliniita pembeni kwenye korido. Alisema mshipa wa damu ulipasuka kichwani, na ulipasuka vibaya. "Hiyo dawa aliyoagiza, hata angekuwa nayo mkononi, isingebadilisha kitu," alisema. Nilimshukuru, nikaendelea na mambo ya jeneza na gari. Sikumweleza mtu kauli ile, maana hakuna aliyeniuliza. Leo najua kulikuwa na mtu mmoja aliyeihitaji kuliko sisi sote, na mtu huyo alikaa karibu nami kwenye gari njia nzima kutoka Mbeya mpaka Igowole, ameshika mfuko wa plastiki mapajani. Sikujua ndani mna nini. Zilikuwa dawa zile.

Tulimzika kwenye ukungu. Igowole wakati ule wa mwaka ukisimama mlangoni huioni migomba ya jirani, na sauti za waliokuja kuhani zilitutangulia kabla ya nyuso zao. "Kamwene," walisalimu, wakaingia, wakakaa. Mchungaji alisema ya kwake, na alipoondoka, ukoo ukabaki na ya kwake.

Kwetu mtu akifa hafi na nafasi yake. Matanga yakiisha ukoo unakaa, unamchagua mrithi. Mrithi anavikwa nguo ya marehemu mbele ya watu, anakalishwa mahali pake, na watoto wa marehemu wanaitwa wanaambiwa, huyu ndiye mama yenu. Kuanzia hapo mashauri ya watoto ni yake, baraka ni zake, hata wakimkosea marehemu kwa namna yoyote, wa kuombwa radhi ni yeye. Mara hii alichaguliwa binti wa baba mkubwa, mchuma chai, mwanamke mpole ambaye tangu nimfahamu sijawahi kusikia amemnyima mtu moto. Alivikwa kitenge cha dada cha zambarau. Alilia sana akiwa amekivaa. Binti wa dada alipigishwa magoti mbele yake, akaambiwa amwite mama, akamwita.

Mimi nilitakiwa nimwite dada. Kwa nasaba alikuwa dada tangu zamani, ila sasa nilitakiwa kumwita kwa namna ile nyingine. Mdomo ulikataa. Nilimwita mrithi moyoni, na mbele za watu sikumwita chochote.

Vitu vikagawiwa. Cherehani ilikwenda kwa shangazi, vyombo kwa mama yetu. Simu ikaenda kwa mrithi, na laini ikiwa ndani. Nilisimama nikasema simu wachukue, lakini laini ifungwe. Niliwaeleza kwa lugha nyepesi kabisa kwamba mwenye laini anaweza kuingia kwenye mambo yote ya marehemu. Wazee walinitazama kwa huruma.

"Mambo ya marehemu si ndiyo tumemkabidhi?" baba mkubwa aliuliza.

Mama alikuwa hajasema kitu tangu mazishi. Akasema hapo. "Ukiifunga, mimi nitampigia wapi?"

Tulikuwa tunajua, ila hatukusema, kwamba alikuwa anapiga namba ile kila asubuhi na kuiacha iite. Nikakaa chini.

Binti nikarudi naye Mbeya. Nilikuwa nimepanga nyumba Uyole, ina chumba cha pili, akawa wangu wa kulea na wa kusomesha. Alikuwa mtoto wa maneno machache, na baada ya msiba aliyapunguza hata hayo machache. Nilimpa simu yangu ya zamani imsaidie masomo. Kabla sijampa niliiwekea kila kinga ninayoijua. Nilimfundisha kutunga nywila ndefu, kutomtajia mtu, kutobofya asichokijua. Alishika haraka kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Nilijisifu kwamba hakuna simu ya mtoto iliyofungwa vizuri kama ile Mbeya nzima.

Jioni akimaliza kazi za shule alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akaandika. Niliona vidole vinakwenda, uso umeinama, nikadhani ni marafiki. Sikuchungulia. Wengine wana dini nyingi, mimi yangu ndiyo hiyo, kutochungulia. Nilipita nyuma yake na beseni la nguo, macho nikiyaelekeza kwenye kamba.

Alikuwa anamwandikia mama yake. Akaunti ya dada ilikuwa bado ipo, na picha yake ikicheka pale juu, na mtoto alikuwa anatuma ujumbe kule kama anavyodondosha mtu kijiwe kisimani. Hakutegemea jibu. Alitaka mahali.

Wakati huohuo mimi nilikuwa napigana na kampuni ya mtandao ule, iliyoko nchi ambayo sijawahi kuiona, nikitaka waifunge akaunti na kufuta kila kitu kama dada alivyosema. Walitaka cheti cha kifo. Nikatuma. Wakajibu hakisomeki. Nikapiga picha nyingine juani. Wakataka tafsiri ya Kiingereza yenye muhuri. Nikatafuta muhuri. Wakataka ushahidi kwamba mimi ni ndugu. Aliyekuwa akijibu hakuwa mtu, maana hata nilipoandika kwa hasira alinishukuru kwa subira yangu. Nilikuwa nimeandika tasnifu nusu kuhusu udhaifu wa milango hii, na mimi mwenye haki zote nilikuwa nimesimama nje.

Ndipo likaja suala la kaburi. Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha, na ukoo ulitaka kujengea kaburi na kuweka picha kwenye msalaba. Baba mkubwa akanipigia.

"Ile picha ya kwaya," alisema. "Amesimama vizuri, amevaa joho. Imo humo kwenye mtandao. Tufungulie."

"Baba, siwezi. Ni yake mwenyewe."

"Mwenyewe si amekufa?"

"Alisema isifunguliwe."

"Sasa wewe mama, umesomea kufunga tu? Kufungua hawakufundisha?"

Nilimtumia picha zote nilizokuwa nazo mimi. Walizikataa moja baada ya nyingine. Katika zote dada alikuwa anacheka, na mtu hachekei kaburini. Nilifikiri watachoka. Hapo nilisahau kitu ambacho nimekifundisha darasani mara nyingi, kwamba asiyepewa ufunguo haendi nyumbani kulala, anauzunguka ukuta.

Hawakuzunguka mbali. Simu ilikuwa imefungwa kwa nywila ya dada, kwa hiyo mrithi aliipeleka kwa fundi pale senta ya Igowole. Fundi akaiflashi, kila kilichokuwemo kikafutika, simu ikawa tupu kama siku ilipotoka dukani. Kisha akafungua ule mtandao, akaandika namba ya dada, akabofya pale palipoandikwa umesahau nywila. Tarakimu zikaingia kwenye laini, akaziandika, mlango ukafunguka. Fundi hakuvunja kitu, na wala hakujua kwamba kuna kitu cha kuvunja. Aliniambia baadaye, kwa heshima kabisa, kwamba kazi ile haikumchukua hata muda wa kunywa chai.

Mrithi akaipata picha ya kwaya. Na juu kabisa, mahali pa ujumbe, akaukuta msururu wa maneno ya mtoto ambayo hayajasomwa na mtu.

Ilikuwa siku ya kawaida. Nilikuwa jikoni namenya viazi, binti akaingia, akasimama karibu na ndoo ya maji.

"Mama mdogo, mama kanijibu."

Alilisema taratibu, bila kulia. Nilidhani ameota. Akanipa simu, akaifungua yeye mwenyewe kwa ile nywila ndefu niliyomfundisha, akasema, "Soma tu."

Nikasoma. Dini yangu iliishia hapo, na viganja vyangu vilikuwa na unga wa viazi. Mwanzoni yalikuwa mambo madogo. Nimepata sitini na mbili hesabu. Mama mdogo anapika ugali mgumu. Leo nimepita Mwanjelwa kibandani kwako kuna mtu anauza mabeseni. Kisha, kati ya hayo, kulikuwa na jambo moja analirudia, kila mara kwa maneno tofauti, kama mtu anayejaribu funguo. Siku ile mama alipomtuma dawa hakwenda moja kwa moja. Alipita kwa rafiki yake aliyekuwa anasukwa. Alikaa pale, wakapiga soga, wakacheka. Ndipo akaenda dukani. Alipoulizwa na watu alisema dukani kulikuwa na foleni. Hakukuwa na foleni. Mama, aliandika, ningekuja mapema ungekuwa hai. Mama, niambie.

Na chini yake jibu, lenye jina la dada, na picha ya dada akicheka pembeni.

"Mwanangu nimesoma yote. Usilie tena. Ulichelewa lakini mimi mama yako nimekusamehe kabisa. Soma kwa bidii. Mungu akubariki."

Niliketi kwenye kigoda. Nilisikia hasira inapanda kutoka miguuni, na niliyemkasirikia hakuwa mtu hata mmoja wa kumshika. Nikamwambia mtoto maneno ya daktari. Nilimweleza yote, mshipa, damu, jinsi hata dawa ingekuwepo mkononi isingesaidia, jinsi hata angekimbia kama upepo ingekuwa vilevile. Nilizungumza kwa muda mrefu. Alisikiliza jinsi anavyosikiliza nikimwambia asome fizikia.

"Na huyu aliyeandika si mama," nilimalizia. "Ni mrithi, yuko Igowole, ameshika laini. Wewe nimekufundisha. Unajua hii kitu inavyofanya kazi."

"Najua ni yeye," alisema. "Sijadanganywa, mama mdogo. Lakini si mlisema wote ndiye mama? Mlinipigisha magoti."

Nilimrudishia simu yake.

"Sasa kama sikuwa na kosa," aliuliza, "amenisamehe nini?"

Nilijaribu tena habari za daktari, kwa maneno mengine. Aliitikia ndiyo, ndiyo, akachukua kisu akaendelea kumenya viazi nilivyoviacha. Mpaka siku ile alikuwa na shaka tu, na shaka ina pembe mbili. Sasa lilikuwa limeamuliwa na mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Msamaha ule ulikuwa hukumu, na aliyeutoa alidhani anampa mtoto zawadi.

Mwisho wa wiki nilikwenda Igowole. Nilipanda gari nikiwa na hotuba kichwani, kali, yenye vifungu. Nilimkuta mrithi nyuma ya nyumba, ametoka kuchuma chai, vidole vyeusi kwa utomvu. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniletea viazi na maharage kabla sijasema kitu. Nikasema. Nilimwambia ameingia mahali pasipo pake. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika hapa.

Alinisikiliza huku ameshika ncha ya kanga.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nilifungua nitafute picha. Nikakuta mtoto analia. Analia humo muda wote, na hakuna mtu anajibu. Mlinivika nguo yake mbele ya watu, mkasema wewe ndiye. Mtoto anamwita mama, mimi nikae kimya? Ningekuwa mama gani?"

"Ungeniambia mimi."

"Aliandika kwako?"

Kuku walikuwa wanaparua chini ya mgomba. Nilimkumbuka yule mkulima wa Madibira na simu aliyokuwa ameishika, nami nilivyocheka pale kwenye semina. Nilimweleza mrithi maneno ya daktari. Ilikuwa mara ya pili tu kuyatoa mdomoni, na mara zote mbili yalikuwa yamechelewa. Aliweka mkono kinywani.

"Kumbe hakuwa na kosa," alisema. "Kumbe nimemsamehe bure."

Alilia kuliko alivyolia siku ya kuvikwa kitenge. Kisha akafanya jambo ambalo sikumwomba, akampigia mtoto palepale, nikiwa nimekaa. Alimwambia hakuna kosa, ameelezwa na mama mdogo, daktari amesema, asahau yote. Nilisikia sauti ndogo upande wa pili ikisema asante mama, ndiyo mama, usiku mwema mama, ingawa kulikuwa bado ni mchana.

Niliporudi Uyole nilimuuliza kama amesikia.

"Nimesikia," alisema. "Si umeenda kumwambia aseme hivyo?"

Nilitaka kukana. Lakini niliwahi kumfundisha mwenyewe kwamba ujumbe unaofika baada ya mtu kushinikizwa hauna thamani, kwamba unaangalia nani alikuwa amesimama nyuma ya aliyeandika. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Neno la kwanza la mrithi lilitoka lenyewe, bila mtu kulituma, na kwa hiyo ndilo aliloliamini.

Kaburi lilijengewa. Picha ya kwaya ipo pale, dada amevaa joho, midomo ameifunga kama mtu anayesubiri noti ya kuanzia. Mama bado anapiga ile namba asubuhi, ila siku hizi inapokelewa, na wanaongea na mrithi habari za mahindi. Mama anasema inamsaidia.

Kampuni nayo ilijibu hatimaye. Walinipa pole kwa msiba kwa maneno mazuri na kunijulisha kwamba ombi langu limekubaliwa. Akaunti ikafungwa, na kila kilichokuwemo kikafutwa kisiweze kurudi, picha za nguo za watoto, kipaimara, maneno ya mtoto, na lile jibu. Nilimwambia binti. Nilidhani atakasirika kwamba nimemfutia mahali pake, au labda, nilitumaini, jibu likifutika litapungua nguvu.

"Haidhuru," alisema. "Nimeshalikariri."

Tasnifu niliimaliza. Kwenye sura ya tatu nilimtoa mkulima wa Madibira. Mtahini mmoja aliuliza napendekeza nini, nikapendekeza yale yanayopendekezwa, kwamba laini ya marehemu ifungwe mapema, kwamba tovuti zisiitegemee peke yake. Ni mapendekezo sahihi. Walinipongeza, tukapiga picha kwenye ngazi za chuo, na baba mkubwa alipiga simu kuuliza kama sasa nitapata kazi.

Binti anaendelea na shule. Haandiki tena kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Simu imelala kabatini na kinga zake zote.

Juzi kichwa kiliniuma. Mafua tu ya baridi ya Uyole, kila mtu anayo. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, nikasema, si kwa kumtuma, bali kama anavyojisemea mtu, kwamba ningepata hata panadoli. Sikumaliza. Alikuwa ameshatoka. Kupitia dirishani nilimwona anaikata njia ya kati ya mashamba, anakimbia, peku, kwenye tope, na watoto wenzake wa shule waliokuwa pale kisimani wakimwita kwa jina, wakicheka, wakitaka asimame. Hakugeuza hata kichwa.

Alirudi anahema, paketi ya panadoli amekumbatia kifuani kwa mikono miwili. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akaniangalia nilivyolala, na alibaki pale pale mpaka nilipofumbua mdomo na kumwita.